Toleo la Kwanza na Jicho la Baba

Mtu mzima akionekana stendi ya Nachingwea anasubiri basi la Dar, hatulii, anakaa anasimama, watu humpa pole kabla hajasema lolote. Wanajua ama analetewa mgonjwa, ama analetewa maiti. Jumanne ile mama mmoja muuza maandazi alinisogezea kigoda chake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni ndugu wa karibu. Nikamwambia ndiyo, wa karibu sana. Akanipa na maji ya kunywa. Nilikuwa nasubiri kitabu cha katuni.

Sikuona aibu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi nikikumbuka. Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Nilikuwa na kaduka ka fotokopi nyuma ya soko, ambako wakulima wa korosho huja kutoa nakala za vitambulisho na vijana huja kuchapa barua za kuomba kazi. Mke nilishakuwa naye, akaondoka, akisema hawezi kugombania mwanaume na watu wanaoruka. Niliona ni maneno ya hasira tu, yatapita. Yeye ndiye aliyepita.

Tulikuwa watatu wenye ugonjwa huu. Mimi, kinyozi mmoja jirani na duka langu, na mkulima wa ufuta kutoka Mtua aliyekuwa anakuja kwa baiskeli. Kinyozi alikuwa mtu wa kubishana. Angeweza kumwacha mteja na kichwa nusu, upande mmoja msitu, upande mmoja uwanja wa mpira, akatoka na mashine mkononi kuja kuniuliza kama shujaa anayeruka anaweza kubeba fuso lililojaa korosho. Mimi nikamjibu inategemea korosho zimekauka kiasi gani. Tukabishana nusu saa, watu wazima wenye kadi za kupigia kura, na yule mteja kaja mlangoni na shuka lake shingoni, naye anachangia. Mkulima wa Mtua hakuwa na ubishi. Yeye alikuwa mtu wa adabu. Ananawa mikono kwa sabuni, anaifuta kwa shati, ndipo anashika kitabu, tena kwa kingo tu, kama amepewa kichanga cha mtu mwingine.

Vitabu vyangu vilikaa kwenye kabati la mninga lenye kufuli. Kila kimoja kimevikwa nailoni yake. Miguu ya kabati nilikuwa nimeipaka oili chafu ili mchwa wasipande, na panya walikuwa na mtego wao. Kule kijijini Narung'ombe, wilayani Ruangwa, baba yangu alikuwa analala kwenye nyumba ambayo mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba ya katani. Komeo nilikuwa nimemuahidi kwa miaka miwili. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani mtani wetu, nitakayemtaja mbele, alinionea.

Sasa ikaja habari ya mfululizo mpya. Vijana fulani wa Dar walikuwa wametunga shujaa wao wenyewe, anayeongea Kiswahili, wa joho la zambarau, na toleo la kwanza lilikuwa njiani. Kwa miezi mitatu walitumegea picha kwenye simu kidogo kidogo, kama mtu anayewamwagia kuku mtama ili wasitoke uani: leo buti, wiki ijayo pindo la joho, wiki nyingine kivuli cha kidevu. Kwa lile buti peke yake tulimaliza Jumamosi nzima. Kinyozi alisema soli yake ni ya mtu anayetua kwa kisigino. Nikamwambia anatua kwa vidole, na mambo haya nimeyasoma tangu nikiwa darasa la nne, kwa hiyo asinifundishe.

Uwezo mkubwa wa shujaa huyo haukuwa kuruka. Kuruka wanaruka wote. Yeye alikuwa anasikia. Mtu akiita msaada, hata akiwa wilaya ya tatu, hata akinong'ona, yeye anamsikia, anaacha chochote anachokifanya, anafika. Hilo lilitugusa sana. Mimi nilisema, kwa sauti nzito, kwamba dunia hii inaangamia kwa kukosa watu wanaosikia. Mkulima wa Mtua akaitikia kwa kichwa, akasema, "Mwalimu, umenena." Mimi si mwalimu, lakini sikumsahihisha.

Baba alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Lilianza la kulia, likafuata la kushoto, na kwa miaka mitatu alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Na baba alikuwa msomaji. Alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, na mtu aliyezipata herufi ukubwani haachi hata moja ipite. Alisoma kalenda ya mwaka uliokwisha. Alisoma mifuko ya salfa ya mikorosho, maelekezo yote, mpaka pale panapoandikwa usinywe. Alisoma gazeti lililofungiwa sukari, kwa sauti, silabi kwa silabi. Macho yalipofunga hakulalamikia upweke wala kuanguka anguka. Alilalamika kwamba vitu vimenyamaza.

Ndipo Ijumaa moja likapita gari la matangazo: madaktari wa macho wanakuja hospitalini Nachingwea kwa wiki moja. Mwisho wa kuandikishwa ni Alhamisi adhuhuri, atakayechelewa asubiri watakaporudi tena, na siku ya kurudi tena hawakuitaja. Nilipiga simu Narung'ombe Ijumaa ile ile, kwa jirani mwenye simu, akampa baba. Nikamwambia, "Baba, Jumanne asubuhi nakuja kukuchukua. Uwe umejiandaa."

"Nimeshajiandaa," akasema.

Jumapili ikaingia meseji kutoka Dar. Toleo la kwanza linapanda basi Jumanne, nakala tano kwa Nachingwea nzima, akapokee mhusika mwenyewe mkononi kwa kondakta. Mhusika mwenyewe nilikuwa mimi. Nikajipigia hesabu zangu za kijinga. Jumanne na Jumatano zina tofauti gani? Macho yamesubiri miaka mitatu, siku moja haitayafanya kitu. Lakini zile nakala tano, kulikuwa na mwalimu mmoja wa sekondari nasikia anazinyemelea. Kumpigia baba kumwambia nimebadilisha siku, sikumpigia. Nilidhani ataelewa. Ataelewaje jambo asiloambiwa, hilo sikujiuliza.

Basi likafika saa kumi na moja jioni. Muuza maandazi alisimama pamoja nami kunipa nguvu. Alipoona napokea bahasha ya kaki, naibusu, alikichukua kigoda chake. Mpaka leo nikipita pale ananiuzia maandazi ya jana.

Tulinawa mikono. Tukafungua. Nilikisoma mara tatu kabla sijaenda kulala, na niseme ukweli, kilikuwa kizuri. Jumatano asubuhi nilipaswa kuondoka, lakini mkulima wa Mtua alikuwa njiani anakuja kukisoma, na haikuwa haki, nilijiambia, mtu apige baiskeli mwendo wote ule akute duka limefungwa. Haki ya mkulima wa Mtua niliijali sana siku ile. Nikasema nitaondoka kesho, adhuhuri tutakuwa tumeshafika hospitali, muda upo.

Sasa niwaeleze habari za mtani wetu, bibi mmoja. Sisi ni Wamwera, yeye ni Myao, na mwenye kujua hapo ameshaelewa. Asiyejua ni hivi: mtani ana ruhusa. Anaweza kukusema vibaya mbele ya wakwe zako, anaweza kuingia uani kwako akaondoka na kuku, na wewe ukikasirika wewe ndiye usiye na malezi. Anachokichukua ni chake mpaka ukikomboe, na fidia anaitaja yeye. Siku ya msiba wa mama yangu, bibi huyu alilala kifudifudi njiani mbele ya jeneza, akasema huyu marehemu alikuwa na ungo wake na harudi udongoni mpaka ungo urudi. Alipopewa jogoo ndipo akaamka, akajipangusa vumbi, akatangulia mbele, akalia kuliko sisi wafiwa.

Alikuwa mjane, rika la baba, muuza karanga. Nyumba yake na ya baba zilitengwa na uzio wa mabua, na ndiye aliyekuwa jirani mwenye simu. Kwa uongo wa utani hakuwa na mpinzani Ruangwa nzima. Mwaka mmoja alinipigia kwamba baba ameoa binti wa miaka ishirini na walima wa harusi ni kesho. Nilifunga duka nikaenda mbio, nikamkuta baba anakoroma mkekani, na mtani ameshika mbavu kwa kicheko. Mwaka mwingine alinipigia kwamba paa la nyumba limeondoka na upepo na mzee amehamia kwa mbuzi. Nilikwenda tena. Paa lilikuwepo, na mbuzi hatukuwa naye. Kwa hiyo simu yake ikilia, mimi nilishazoea kucheka kwanza.

Jumatano hiyo saa tisa, sisi watatu tumeinamia ukurasa wa kumi na nne, akapiga.

"Wewe Mmwera," akasema. "Baba yako amekaa barazani tangu jana asubuhi, begi mapajani. Amevaa kanzu ya Idi. Jana jioni nimemwingiza ndani kwa kumburuta, leo kumekucha karudi pale pale. Unakuja hukuji?"

"Nakuja, mtani."

"Lini? Maana kama humtaki, mimi namchukua. Namchukua anakuwa wangu."

Kinyozi alikuwa anataka kugeuza ukurasa bila kunisubiri. Nikamshika mkono, nikacheka kwenye simu, kwa sababu mtani akisema hivyo mtu hucheka. "Mchukue," nikamwambia. "Mchukue na meno yake matatu yaliyobaki. Na kuku nakuongezea juu."

Pakawa kimya kidogo upande wa pili.

"Haya," akasema. "Umesema mwenyewe." Akakata.

Kile kimya nilikisikia. Nilikisikia vizuri kabisa, ndiyo maana sipendi kujitetea kwamba sikujua. Mtani akitania hanyamazi, anacheka kabla yako. Lakini pale mezani, ukurasa wa kumi na nne, shujaa alikuwa ndiyo kwanza anageuza shingo, amesikia bibi mmoja anaita kutoka ng'ambo ya mto, na kinyozi alikuwa ameshika ncha ya karatasi. Nikairudisha simu mfukoni. Tukageuza.

Alhamisi nilikodi pikipiki, nikaondoka saa tatu. Ningeweza kuondoka saa kumi na mbili, lakini nilikuwa natafuta nailoni ya kukivika kitabu nisafiri nacho. Ndiyo, nilikwenda nacho. Niliona nitamsomea baba njiani tukipumzika, na nilijiona mwana mwema kwa wazo hilo. Nikaingia barabarani kifua mbele, nakwenda kumwokoa mzee wangu.

Nimeshapita Ruangwa, kwenye njia ya vumbi, nikakutana na mshikaki: watu watatu kwenye pikipiki moja. Mbele dereva. Katikati mzee, kichwa kizima kimezungushiwa kitambaa kwa ajili ya vumbi, huoni hata pua. Nyuma yake bibi kizee, uso wote mwekundu kwa vumbi, amemkumbatia kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika beseni kichwani, na kanga ameifunga shingoni, inapepea nyuma yake yote, na vumbi jekundu nalo linainuka. Nilisimama. Nikatoa simu, nikapiga picha. Nikasema moyoni, hili ndilo jalada la toleo la pili, hawa vijana wa Dar wanahangaika na zambarau bure. Nikacheka peke yangu porini. Yule bibi alimwachia mzee kidogo, akanipungia mkono. Na mimi nikampungia.

Narung'ombe nilifika saa sita kasoro. Barazani kulikuwa na kigoda, hakuna mtu. Mlango wa mbele umefungwa, wa nyuma umefungwa kwa ile kamba. Nikaita. Mama mmoja jirani alitokea na mwiko mkononi.

"Baba yupo wapi?"

"Mtani wako kamchukua. Wameondoka asubuhi."

"Kampeleka wapi?"

"Sijui. Anasema ulimpa."

Akanitazama, akauliza kama ni kweli nilimpa. Nikakaa kwenye kile kigoda. Nilitazama saa, na hapo ndipo hesabu yangu ya kweli ilinijia, ile ambayo fundi wa hesabu kama mimi nilipaswa kuifanya tangu Jumapili. Kama baba angekuwa pale, amekaa na begi lake, na nikampakia dakika ile ile, tusingefika Nachingwea kabla ya saa nane. Daftari lingekuwa limeshafungwa. Ningemrudisha kwenye baraza hili hili, vitu vyake vyote vimenyamaza, aendelee kusubiri. Nililia pale. Yule mama wa mwiko aliniacha, akarudi kwenye ugali wake.

Kisha nikaitoa simu, nikaifungua ile picha, nikaikuza kwa vidole. Chini ya kitambaa cha yule mzee kulikuwa na kanzu ya Idi.

Hospitalini niliwakuta kwenye benchi la nje, pamoja na wazee wengine kumi na kitu. Jina la baba lilikuwa la mwisho kwenye orodha. Walifika saa sita kasoro robo. Karani alikuwa ameshaweka kalamu mfukoni, na mtani alikaa juu ya meza yake mpaka kalamu ikatoka. Hilo nilisimuliwa na benchi zima, kila mmoja anagombea kusimulia.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi."

Mtani hakuniacha niendelee. "Usimjibu, mzee. Huyo ni msafiri, anauliza njia." Akanigeukia. "Unasemaje, mpiga picha? Nilikupungia utufuate, ukafikiri nakupa hongera."

"Mtani, tuache utani."

"Utani ndiyo unaanza sasa. Huyu mzee ni wangu. Ulinipa kwa mdomo wako, na kuku juu, na yule kuku sijamwona." Akawageukia wenzake wa benchi. "Waliopita walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mwenzetu huyu kakuta baba si wake."

Benchi zima likacheka, wazee wasioona, wengine wanacheka wakiwa wameelekea upande ambao sipo. Baba naye alicheka. Nilitamani asicheke.

Ijumaa walimfanyia jicho la kushoto. La kulia, walisema, ni safari nyingine. Walimfunga bendeji, wakasema itatolewa Jumamosi asubuhi. Jumamosi hiyo nilidamka, nikaja na jogoo mzuri mwenye kilemba, nimemfunga miguu, nimkomboe baba yangu kwa heshima kabla hajafunguliwa jicho. Nilitaka akifumbua anikute mimi, mwanawe halali, siyo mtu aliyemgawa.

Mtani alimwangalia jogoo, akamrudisha kwangu. "Kuku ninao. Nataka kile kilichokuweka."

"Kilichoniweka wapi?"

"Kilichokuweka Jumanne. Kilichokuweka Jumatano. Baba yako kaniambia wewe una vitabu vya watu wanaoruka. Kipo, hakipo?"

Kilikuwepo. Kilikuwa begani kwangu, kwenye nailoni. Alikuwa ameshaanza biashara getini kwa wanaokuja kuona wagonjwa, lile beseni lilikuwa la karanga, na karatasi za kufungia zilikuwa zimemwishia. Akaniambia nitachana mwenyewe, vipande sawa sawa, na nitasokota mwenyewe, maana yeye vidole vinamuuma.

Nilijaribu kumwambia nitamletea karatasi dukani kwangu, rimu nzima, nyeupe, safi. Mtani akasema rimu nzima haikumkalisha mzee barazani.

Basi nikakaa chini. Nikaitoa nailoni. Nikachana toleo la kwanza, ambalo Nachingwea zilikuja nakala zake tano, kuanzia jalada. Kinyozi alikuja kumjulia hali baba, akanikuta nipo ukurasa wa pili. Alitoka nje akasimama na mikono kichwani, mpaka muuguzi akamuuliza nani amefariki. Kila nikisokota kifungashio kimoja, mtani anajaza karanga, anakunja mdomo wa karatasi, anauza.

Na sasa sikilizeni jambo lililoniudhi kuliko yote. Watu walisoma. Miaka yote nimevilinda vitabu vyangu na vidole vya watu, na pale getini, kwa mikono yenye chumvi, kila aliyemaliza karanga alinyoosha karatasi akasoma. Mwanaume mmoja aliyekuja kumwona mkewe alipata nusu ya ukurasa wa nane, akanunua tena mara mbili akitafuta wa tisa. Wawili wakaanza kubadilishana. Muuguzi akatoka kuniuliza, mimi muuzaji, kama yule bibi wa ng'ambo ya mto alivuka salama, maana yeye kaishia anapoita. Nikamwambia alivuka. "Afadhali," akasema, akarudi kazini.

Saa nne wakamtoa baba bendeji. Tulisimama pande mbili za kitanda, mimi na mtani, na mtani alikuwa ameshatamka mbele ya wodi kwamba fidia imelipwa na mzee ni wangu tena. Baba alifumba, akafumbua, jicho likatoa machozi. Wa kwanza kumwona alikuwa mtani.

"Kumbe umezeeka hivi," baba akamwambia.

"Subiri upewe kioo," mtani akasema, na akajifuta macho kwa pindo la ile kanga. Halafu akampa kifungashio cha karanga, cha mwisho kwenye beseni.

Baba alimimina karanga kiganjani, akaziweka juu ya shuka. Karatasi hakuitupa. Aliinyoosha juu ya goti, polepole, kwa upande wa kiganja, kama alivyokuwa ananyoosha magazeti ya sukari. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Nikaona midomo inaanza kucheza.

"U-si-o-go-pe," akasoma. "Ni-me-fi-ka."

Akarudia, sasa ameunganisha, kwa ile sauti ya darasani niliyokuwa sijaisikia kwa miaka mitatu. "Usiogope, nimefika." Akageuza karatasi akatazama nyuma, akairudisha mbele. "Huyu anamwambia nani?"

"Bibi mmoja, baba. Alikuwa anaita msaada."

"Na alifika siku ile ile aliyoitwa?"

"Siku ile ile."

Baba akainua uso, akanitazama. Alinitazama nywele, akanitazama uso, akashuka mpaka viatu, silabi kwa silabi, haachi herufi ipite.

"Aa," akasema. "Basi siyo wewe."

Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa kanzu, akaanza kula karanga zake.